Dagaa wamo sahanini, damu haipandi

"Daktari, huyu anakula dagaa kila siku, mbona damu iko chini?" Swali hili huulizwa karibu kila siku ya kupima watoto, iwe Kirumba, Igoma, Sengerema au Nansio, na mama anayeuliza ana haki ya kushangaa. Ziwa Victoria liko mlangoni. Pale Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, dagaa hupakiwa magunia kwa magunia kwenda mikoani na nje ya nchi. Sangara, sato, kambale na ningu wapo. Mihogo ipo, viazi vipo, mboga za majani zinaota hadi kando ya mitaro. Bado kadi ya kliniki inaonyesha uzito umelala na viganja vya mtoto ni vyeupe.

Jibu hutofautiana kidogo nyumba kwa nyumba, lakini tulilojifunza ni hili: kilichomo sahanini si kile kinachofika kwenye damu. Chakula kina safari. Kinapikwa, kinameng'enywa, kinapita ukuta wa utumbo mwembamba, kinapokelewa na ini, ndipo kinagawiwa. Kila kituo kina ushuru wake, na nyumba nyingi za ukanda wa ziwa hupoteza virutubishi njiani kuliko zinavyovikosa sokoni. Tutafuata safari hiyo, tukikaa zaidi pale ambapo upotevu ni mkubwa.

Tuanze na tumbo la mtoto, maana ndilo dogo kuliko tunavyodhani. Tumbo la mtoto mchanga hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa miezi tisa mwenye kilo 8 hushiba kwa mililita 240, yaani kikombe cha robo lita hivi. Akijaa amejaa. Katika umri huo, mbali na maziwa ya mama, anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula. Sasa angalia uji unaomiminika kama maji: kikombe chake kina kijiko kimoja na nusu cha unga, na huo hautoi zaidi ya kilokalori 50. Vikombe vitatu ni 150. Mtoto amekunywa mara tatu, ameshiba mara tatu, na amepata nusu ya alichohitaji. Mama hajamnyima; maji ndiyo yaliyochukua nafasi.

Uji uliokorogwa kwa vijiko vinne vya chakula vya unga katika kikombe kilekile unafika kama 130. Ukiongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti, umeongeza 40, kwa sababu gramu moja ya mafuta inatoa kilokalori 9 na gramu moja ya wanga au protini inatoa 4. Kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa kinaleta 90 nyingine. Kikombe ni kilekile na tumbo ni lilelile, ila sasa limebeba zaidi ya 250. Kipimo tunachowafundisha akina mama ni rahisi: inamisha kijiko chenye uji wa mtoto, na usipodondoka upesi, umefaa.

Shida ya uji mzito ni kwamba mtoto mdogo huutema. Hapo ndipo kimea kinaposaidia, na inasikitisha kwamba kinaachwa kidogo kidogo wakati bibi zetu walikijua vizuri kupitia togwa. Chukua ulezi uliochambuliwa, uoshe, uloweke usiku mmoja. Asubuhi mwaga maji, utandaze juu ya kitambaa safi chenye unyevu, ufunike, unyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vimizizi vimefika kama sentimita moja. Anika mpaka ukauke kabisa, usugue kwa viganja ili machipukizi yakatike, pepeta, kisha saga. Pika uji mzito, uipue, usubiri upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo ukoroge kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe. Ndani ya dakika tano hadi kumi uji unalainika mbele ya macho yako bila tone la maji kuongezwa, kwa sababu punje iliyochipua ina kimeng'enya kinachokatakata wanga. Kisha urudishe motoni uchemke dakika mbili tatu, maana kimea kibichi hubeba vijidudu. Wanaokosea hukitia uji ukiwa bado unatokota. Moto huua kimeng'enya, uji unabaki mzito, wanasema kimea hakifanyi kazi. Kosa jingine ni kutumia mtama bila kuondoa machipukizi. Machipukizi ya mtama yana sumu ya jamii ileile ya muhogo mchungu. Kwa mtoto tunapendekeza ulezi.

Neno moja kuhusu unga wa lishe unaouzwa ukiwa na vitu saba, tisa, hata kumi na viwili. Wingi wa vitu si ubora. Soya iliyosagwa mbichi ina kinga inayozuia kimeng'enya cha kongosho kisimeng'enye protini, kwa hiyo lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kwanza. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zina hatari ya sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Dawa yake ni kuchambua punje kwa punje na kutupa mbaya. Dagaa waliosagwa pamoja na unga wa kilo tano huanza kunuka kabla unga haujafika nusu, kwa sababu mafuta yao yanaoza kwa hewa. Unga wa vitu viwili vilivyo salama ni bora kuliko wa vitu tisa ambavyo kimoja wapo kimeuharibu.

Sasa dagaa wenyewe. Dagaa mkavu ana protini zaidi ya nusu ya uzito wake. Konzi ya gramu 30 inatoa zaidi ya gramu 15, na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama gramu 13 kwa siku nzima. Kwa bei, hakuna kitoweo cha ziwani kinachomfikia. Na protini yake imekamilika: mwili hujenga misuli, ngozi, vimeng'enya na askari wa kinga kutokana na asidi amino, na tisa kati ya hizo hauwezi kujitengenezea. Mahindi ni maskini wa laisini, mojawapo ya hizo tisa. Maharage yana laisini ya kutosha lakini yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Ndiyo maana ugali na maharage ni ndoa nzuri, na makande ni akili ya wazee. Dagaa ana zote, kwa hiyo kiasi kidogo tu huinua thamani ya sahani nzima ya nafaka.

Lakini protini ina masharti. Mwili hutafuta nishati kwanza. Wanga na mafuta yakipungua, mwili unachukua ile protini ya dagaa na kuichoma kama kuni. Ni sawa na kuvunja kitanda ili upate kuni za kuchemshia chai: maji yatachemka, lakini utalala chini. Tumewaona watoto wengi waliopewa supu ya samaki na vipande vya sangara kwa moyo mkunjufu huku uji wao ukiwa maji. Uzito haupandi, na wazazi wanazidisha samaki. Kinachotakiwa kuongezwa pale ni unga na mafuta.

Kuna pia jambo la mifupa. Watu wengi wa Mwanza wanapenda supu ya mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishatolewa, na ni kitoweo halali: nyama iliyobaki kichwani na ubavuni ni protini njema kwa bei nafuu. Wanakosea wanapodhani supu ile inampa mtoto kalsiamu ya mifupa. Kalsiamu ya mfupa haiyeyuki kwenye maji ya kawaida, hata ukichemsha saa nzima. Inabaki kwenye mfupa unaotupwa. Dagaa ni tofauti kwa sababu analiwa na mfupa wake. Konzi ya dagaa wakavu inaipita glasi ya maziwa kwa kalsiamu. Hapa swali la vichwa huja lenyewe. Wengi huviondoa kwa sababu ya uchungu na mchanga. Ukiviondoa umepoteza sehemu ya madini na vitamini A iliyoko machoni, lakini hujapoteza vyote, uti wa mgongo umebaki. Kwa mtoto asiye na meno, saga.

Unga wa dagaa wa mtoto hutengenezwa hivi. Nunua walioanikwa kwenye chanja au nyavu, si mchangani. Watambue kwa rangi: mzuri anang'aa kama fedha na anavunjika kwa mlio, aliyegeuka rangi ya kahawia au njano na anayeacha harufu kali kooni, mafuta yake yameshaharibika. Msimu wa mvua za masika, Machi hadi Mei, uangalifu uongezeke, maana dagaa huanikwa jua likiwa halipo na huvunda kabla ya kukauka. Pepeta mchanga, suuza haraka kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu bila kuloweka, anika tena juani wakiwa wamefunikwa kwa wavu. Wakaange bila mafuta kwenye moto mdogo mpaka wakatike kwa vidole. Twanga, chekecha, weka kwenye chombo chenye mfuniko. Tengeneza wa wiki moja au mbili tu. Kijiko kimoja cha chakula kitiwe kwenye uji au mchuzi unaochemka, uendelee kuchemka dakika mbili tatu. Mtoto huanza kupewa akitimiza miezi sita.

Kwa anayepanga matumizi, bei ya dagaa hufuata mwezi. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu, mitumbwi hupumzika na bei hupanda. Mwenye kununua sado moja wakati wa giza na kuihifadhi pakavu hapungukiwi mwezi ukiwa mpevu.

Tugeukie chuma, maana ndicho kilichozaa swali la mwanzo. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120. Ikifa, mwili hauchezei chuma chake. Unakirudisha kiwandani, kwenye uboho, kitengeneze nyingine. Mtu mzima huzungusha miligramu 20 hadi 25 kwa siku kwa njia hii na hufyonza miligramu moja au mbili tu kutoka kwenye chakula ili kufidia zilizopotea. Kwa hiyo mlango wa chuma ni mwembamba, na kinachoamua kama kitapita ni wale kinaoandamana nao.

Sehemu ya chuma cha nyama na samaki imefungwa ndani ya himu, kiini chenye chuma cha damu na misuli, na inapita bila kuulizwa sana: asilimia 15 hadi 35 hufyonzwa. Chuma cha mchicha, mgagani, maharage na dona hupita kwa shida, pengine asilimia 2, pengine kikifika 20, kutegemea majirani. Jirani mwema wa kwanza ni uchachu. Vitamini C hukibadilisha chuma cha mimea kiwe katika hali inayoyeyuka na utumbo kukipokea. Pera, chungwa, embe, nyanya mbichi ya kachumbari, ndimu: vyote vinafaa, mradi viliwe katika mlo uleule. Ndimu ikamuliwe mboga ikiwa imeipuliwa, kwa sababu moto huiua vitamini C. Jirani wa pili ni samaki mwenyewe. Dagaa kidogo ndani ya mchicha au maharage huvuta chuma cha ile mboga kupita mlangoni. Kwa sababu hiyo tunasisitiza dagaa watiwe ndani ya mboga, hata wakiwa wachache, kuliko kuliwa peke yao Jumapili.

Jirani mbaya ni chai. Tanini za chai hukamata chuma cha mimea na kukifunga kabisa. Kikombe kimoja kikinywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzaji wake kwa zaidi ya nusu. Kutia maziwa hakuiondoi shida. Fikiria siku ya kawaida ya mtoto wa shule: asubuhi chai na andazi, jioni ugali na maharage, na baba akiteremshia kwa chai, mtoto naye anapewa. Kila mlo wenye chuma umefungiwa mlango. Hatumwambii mtu aache chai, ni kinywaji chetu. Inywewe saa moja kabla ya chakula au saa moja baada. Na mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe kabisa. Ana uji, ana maziwa, ana maji yaliyochemshwa. Kama kuna badiliko moja la bure linaloweza kufanyika leo katika nyumba yoyote ya Mwanza, ni hili la saa ya chai, na tunalisema kwa uhakika kuliko mengine yote humu.

Mjamzito anahitaji miligramu 27 za chuma kwa siku, zaidi ya mara tatu ya mwanamume, na chakula peke yake kwa kawaida hakimfikishi. Vidonge vya kliniki vina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi foliki. Wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu, au wakiona choo cheusi wanaogopa. Choo cheusi ni chuma kilichobaki, hakina madhara. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku kabla ya kulala, pamoja na maji au juisi ya chungwa. Kisimezwe kwa chai wala kwa maziwa, kwani kalsiamu nayo hushindania mlango uleule.

Dona ina chuma, vitamini B na mafuta ya kiini ambavyo sembe imevipoteza kinuni na mashineni. Ina pia fitati, ambayo hushika chuma na zinki. Kuchachusha hupunguza fitati, na uji wa kuchachusha una faida hiyo pamoja na ladha yake. Unga wa viwanda vikubwa huongezewa madini na vitamini chini ya kanuni za urutubishaji. Mashine ya mtaani inayokusagia debe lako haiongezi kitu, isipokuwa iwe imefungwa kifaa maalumu. Angalia nembo kwenye mfuko.

Vitamini A inataka mafuta. Hili limesemwa sana na bado halijazoeleka. Rangi ya njano ya kiazi lishe, karoti, boga na embe, na kijani kilichokolea cha matembele na majani ya maboga, ni malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Haiyeyuki kwenye maji. Inabebwa na nyongo pamoja na mafuta kupita ukuta wa utumbo. Mboga ya kuchemsha bila tone la mafuta inapita na rangi yake hadi chooni. Gramu tatu hadi tano za mafuta kwa mlo zinatosha, yaani kijiko kimoja cha chai kwa sahani, au karanga zilizotwangwa kama wanavyoungia mboga zao Wasukuma. Kumimina mafuta nusu kikombe hakuongezi vitamini, kunaongeza gharama na uzito wa wakubwa.

Kiazi lishe kimoja cha ukubwa wa kawaida, gramu 125 hivi, kinamtosheleza mtoto wa chini ya miaka mitano vitamini A ya siku nzima. Mbegu kama Kabode na Mataya zinajulikana, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Misungwi, kimeshughulika na viazi miaka mingi. Tatizo huanza wakati wa kuhifadhi. Michembe, vipande vya viazi vya kukausha, inayoanikwa kwenye jua kali hupoteza sehemu kubwa ya rangi yake, na kinachokwenda na rangi ndicho tulichokitaka. Anika vipande vyembamba kivulini penye upepo, au chini ya kitambaa cheusi; hifadhi gizani. Nsansa, mboga za majani zilizokaushwa, vivyo hivyo. Kiazi cheupe hakina hasara hiyo kwa sababu hakikuwa na kitu cha kupoteza. Ni nishati nzuri, lakini kisichukuliwe kuwa ndugu wa kile cha njano.

Ini huweka akiba ya vitamini A ya miezi kadhaa, ndiyo maana matone hutolewa kila baada ya miezi sita: uniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja hadi karibu mitano. Usikose zamu kwa kuwa mtoto "anakula vizuri."

Sasa muhogo, chakula cha visiwa na cha mwambao wa Mara hadi Ukerewe. Gramu 100 za unga wake zina protini isiyozidi gramu mbili, wakati unga wa mahindi una kama tisa. Muhogo mchungu una pia sianidi. Mwili unaijua njia ya kuiondoa: huiunganisha na salfa na kuigeuza kitu kinachotoka kwenye mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye asidi amino za protini, hasa zile zilizojaa kwenye samaki. Hapa ndipo sahani ya ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, pamoja na dagaa inapoonyesha hekima yake. Aliyeunganisha viwili hivi zamani hakuwa na maabara, lakini dagaa wale ndio wanaolipa deni la muhogo. Wakikosekana, na muhogo ukiandaliwa kwa haraka kwa sababu ya njaa, matokeo yanaweza kuwa mabaya sana. Miaka ya 1980 wilayani Tarime watu walipatwa na konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na usiopona, kutokana na muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo pamoja na uhaba wa protini.

Kwa hiyo usifupishe. Kumenya, kuloweka siku tatu hadi nne au kuvundika mpaka ulainike, kukwangua, kukausha kabisa. Kuanika makopa, vipande vya muhogo, moja kwa moja bila kuvundika kunabakiza sumu nyingi. Ukiwa na shaka na unga uliokwisha kusagwa, uchanganye na maji uwe kama tope, utandaze kwenye sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi huondoka na hewa. Pika ugali siku hiyohiyo.

Mabaki ya sianidi hiyo, hata yasipofikia kuumiza miguu, huizuia tezi ya shingo isichukue madini joto. Samaki wa maji baridi wana madini joto machache kuliko wa baharini, kwa hiyo anayeishi ziwani asidhani sangara atamkinga na rovu. Kinga ni chumvi yenye madini joto, iliyofungwa na yenye maandishi hayo. Madini haya hupaa. Chumvi isiwekwe wazi karibu na jiko wala kwenye kopo lisilo na mfuniko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Hata haya yote yakifanyika, yapo matundu mwilini yanayovuja, na ukanda wetu unayo mengi. Mtu mwenye damu nzuri akipoteza kijiko kimoja cha chai cha damu, mililita 5, amepoteza zaidi ya miligramu mbili za chuma. Hicho ndicho mwili unachofyonza kwa siku nzima. Safura hunyonya damu kwenye utumbo polepole kila siku. Mayai ya kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea mwambao mzima, hutoboa ukuta wa utumbo na kuacha vidonda vinavyovuja. Malaria hupasua chembe nyekundu zenyewe. Unaweza kumlisha mtoto dagaa, pera na mgagani kwa utaratibu wote tulioueleza, na kikapu kikabaki kinavuja chini. Dawa za minyoo na za kichocho zinazotolewa shuleni zinywewe, na mtoto anayeoga ziwani kila siku ajulikane hivyo kwa mhudumu.

Kuhara nako huutia utumbo jeraha. Ukuta wa ndani una vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula, na kuhara kwa wiki moja huvikata kama shamba lililofyekwa. Zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa mtoto aliyepita miezi sita na 10 kwa aliye chini yake, husaidia viote upya. Wengi huacha siku ya tatu choo kikishikana. Kazi ya kuotesha inakuwa haijaisha. Chakula kisisimamishwe wakati wa kuhara, na baada yake mtoto aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Mwisho kuna watoto ambao mara nyingi chuma si tatizo lao. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, imeenea Kanda ya Ziwa kuliko sehemu nyingi za nchi. Chembe zao nyekundu hazifiki hizo siku 120. Hupasuka mapema, na chuma chao hubaki mwilini. Mtoto wa namna hii huonekana mweupe viganja, macho yakiwa na umanjano, mikono au miguu ikivimba na kuuma, na nyumba nzima hujitahidi kumpa rosella, beetiruti na vidonge vya kuongeza damu vilivyonunuliwa duka la dawa. Anayohitaji hasa ni asidi foliki, maji mengi, kinga ya malaria na ufuatiliaji wa hospitali, na chuma apewe tu pale kipimo kinapoonyesha kimepungua. Mtoto ambaye damu yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita, na haipandi baada ya mwezi mmoja wa chakula kilichopangwa na dawa alizoandikiwa, mama aombe apimwe selimundu, kichocho na malaria kabla ya kununua chupa nyingine.